Uzi: Pango la Noeli alilochonga babu, tulivyolikarabati hadi watoto wanalipanga wenyewe

Mleta uzi:

Habari zenu wakuu. Majilio, yale majuma manne ya kujiandaa na Noeli, ndo hayo yanakaribia na najua wengi humu saivi mnawaza nauli ya kupanda mlimani Desemba, sasa mimi naleta uzi wa kitu ambacho kipo kwenye nyumba nyingi za Kikatoliki kule kwetu na kila mwaka kinazidi kuchakaa bila mtu wa kukishughulikia: pango la Noeli, ile nyumba ndogo yenye sanamu za Mtoto Yesu, Maria na Yosefu. Siyo yale ya plastiki yanayouzwa mjini, nazungumzia lile la mkono, ambalo babu au mjomba alikaa akalichonga mwenyewe na familia ikakua nalo.

La kwetu lipo Kibosho, Kilimanjaro. Babu alikuwa seremala, sanamu alizichonga kwa mringaringa, mbao nyepesi na laini kwa kisu, ndo ileile wazee walichongea mizinga ya nyuki. Nyumba yenyewe hakuifanya zizi lile la kwenye kadi za Krismasi, aliifanya msonge wa Kichaga, ule wa duara ambao majani yanashuka mpaka chini. Na alikuwa na sababu. Ndani ya msonge watu na mifugo walilala nyumba moja, ng'ombe upande wao, watu upande wao, moto katikati, kwa hiyo bibi akitusimulia habari ya Mtoto kulazwa horini hakuwa na haja ya kueleza sana, yeye mwenyewe alizaliwa hatua chache kutoka kwenye hori. Yosefu wa babu ana mundu kiunoni. Maria amevaa kanga mbili, moja kajifunga moja kajitanda, na mchungaji mmoja hakubeba kondoo, kabeba mkungu wa ndizi begani na shingo imeinama upande kabisa kwa uzito. Yule mchungaji ukimtazama karibu utaona babu alimchonga hadi mshipa wa shingo.

Sasa hali yake ilikuwa mbaya. Paa limeoza upande mmoja na panya walishatoboa, punda hana sikio, mamajusi mmoja kichwa kimeunganishwa kwa supaglu mara kadhaa na kila mwaka kinadondoka tena, hori limepasuka, na chini ya ng'ombe kuna unga mweupe mweupe kila ukimnyanyua. Halafu waya wa taa ulikuwa umeungwa kwa selotepu, umeme wa ukutani moja kwa moja unapita ndani ya majani makavu ya mgomba. Ukifikiria hilo jambo vizuri unaweza usilale.

Lakini kilichoniuma zaidi siyo huo uchakavu. Kwa sababu limechakaa, mama alianza kulipanga juu ya kabati la vyombo ili watoto wasifike. Wajukuu wanakuja Noeli wanaambiwa msiguse, wanaangalia dakika mbili wanarudi kwenye simu. Sisi tulilipanga wenyewe tukiwa wadogo, tunagombania nani amweke punda, ndo maana tunalipenda. Pango ambalo mtoto haruhusiwi kulishika halina maisha marefu, wakubwa wakishaondoka nani atajua lile boksi lina nini? Kwa hiyo tulipokubaliana kulikarabati nilisema kabisa kwenye grupu la familia, hatutengenezi kitu cha makumbusho, tunatengeneza kitu cha kushikwa, na kila uamuzi huko chini umetokana na hilo.

Nianze na bungua maana hapo ndo wengi wanaharibu. Ukiona vishimo vidogo vya mviringo kwenye mbao, upana kama milimita moja au mbili, na unga laini unadondoka, huyo ni bungua. Kwanza jua kama yupo hai. Weka sanamu juu ya karatasi nyeusi, igonge taratibu unga wote utoke, futa, iache hapo wiki kadhaa. Unga mpya ukitokea yupo ndani anakula. Cha kuelewa ni kwamba anayekula siyo yule mdudu unayemuona, ni funza wake, na anaweza kukaa ndani ya mbao hata miaka bila wewe kujua, kile kishimo ni mlango wa kutokea akishakua. Kwa hiyo kuziba vishimo na kupaka rangi juu siyo dawa, umemfungia chakula chake tu.

Dawa tuliyotumia ni baridi. Hata makumbusho wanatumia njia hii. Unafunga kila sanamu kwenye mfuko wa plastiki, unatoa hewa kadri unavyoweza, unabana mdomo vizuri, unaiweka kwenye friza lenye baridi kali, nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, wiki mbili. Shangazi ana duka na friza kubwa, basi mamajusi wote wakalala chini ya barafu za ukwaju. Muhimu sana: ukitoa usifungue mfuko hapohapo, acha hadi upate joto la kawaida, kesho yake ndo ufungue, la sivyo umande unaganda kwenye mbao baridi na rangi inaanza kubanduka. Na sanamu yenye rangi nene sana au yenye vipande vya plasta usiiweke kwanza bila kuuliza fundi, maana vitu viwili tofauti vinajikunja tofauti kwenye baridi.

Hapa kuna kitu nimekifikiria sana. Enzi za babu boksi la pango lilikaa darini juu ya jiko la kuni. Kila kitu kilinuka moshi, bibi alikuwa akilifungua Desemba nyumba nzima inanuka jiko. Bungua hawakuwepo. Mama alipohamia jiko la gesi boksi likahamia stoo ya chini yenye unyevu, na baada ya hapo ndo unga ukaanza. Kwa mimi naona ule moshi na ule ukavu ndo vilikuwa vinalinda, wahenga hawakuweka mahindi na mbegu juu ya jiko kwa bahati mbaya.

Kusafisha: brashi ndogo laini ya rangi, kavu, unapangusa vumbi kutoka juu kwenda chini, penye masizi ya mishumaa unatumia pamba yenye maji kidogo mno, unajaribu kwanza mahali pa siri mfano chini ya kitako uone kama rangi inatoka. Usioshe. Usitie sabuni ya unga. Kuna masizi mengine tumeyaacha kwenye kanga ya Maria kwa sababu yakitoka yanatoka na rangi ya babu.

Kuunganisha: tatizo la supaglu ni kwamba inashika haraka ila ikikauka inakuwa ngumu isiyo na unyumbufu, mtoto akiangusha sanamu inaachia palepale, na kila ukirudia unaongeza tabaka juu ya tabaka mpaka vipande havikutani tena. Kwa hiyo kichwa cha yule mamajusi kwanza tulitoa gundi yote ya zamani kwa asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwa pamba kidogo kidogo penye mvunjiko tu, usiguse penye rangi maana inaila. Kisha tukatoboa tundu dogo la milimita mbili shingoni na lingine kichwani kwa keekee ya mkono, tukapitisha kijiti cha mwanzi, hapo sasa gundi nyeupe ya mbao, tukakaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande virefu, ukaachwa usiku kucha na mchana wake. Mpira wa tyubu ndo kibanio bora kuliko vyote kwa kitu chenye umbo la ajabu, unajikunja unavyotaka. Penye pengo tulijaza unga wa msasa wa mringaringa uliochanganywa na gundi ileile. Kile kijiti ndo kila kitu. Gundi peke yake inabeba sanamu iliyokaa, kijiti kinabeba sanamu inayochezewa.

Sikio la punda halikuonekana popote. Binamu yangu kachonga jipya, na tulikubaliana lisipakwe rangi ifanane, libaki rangi ya mbao, ijulikane hili ni la mwaka huu. Kuna waliopinga nyumbani. Mimi msimamo wangu ni kwamba ukificha ukarabati wote, mjukuu wa kesho hatajua kwamba kitu hiki kinaweza kutengenezwa, ataona ni kitu kilichoshuka kizima na kikivunjika basi.

Paa ndo lilichukua muda. Fremu ya babu ni fito za mwanzi zimefungwa kwa kamba ya mgomba, hiyo ilikuwa nzima, tukaiacha. Majani yote yakatoka. Tulichukua majani makavu ya mgomba yaliyokaukia mtini wenyewe, siyo ya kuokota chini maana yale yana ukungu tayari. Unayarushia maji kidogo yalainike, ukiyakunja makavu yanapasuka. Unayachana vipande vya upana wa vidole viwili, unayafunga vifungu vidogo vidogo, halafu unaanza safu ya chini kabisa unapanda juu, kila safu inalalia ile ya chini. Ukianza juu hutaweza kuficha fundo hata moja. Kileleni unakusanya yote unafunga kwa kamba. Acha likauke kwenye kivuli penye upepo mpaka likauke kwelikweli kabla ya kuweka sanamu ndani.

Tulichoongeza ambacho babu hakuwa nacho: nyuma ya msonge tumeacha kipande cha paa kinachotoka, kama mlango, kimefungwa kwa vitanzi viwili vya kamba na vifungo vya mbao. Mtoto anaingiza mkono anapanga ng'ombe bila kubomoa mbele. Na chini tumeweka ubao wa plaiwudi wenye ukingo mfupi ili pango lote linyanyuliwe kwa mpigo mmoja.

Taa nitaeleza chini maana ni ndefu, karibuni na maswali.

Mdau wa Moshi mjini:

Mkuu umenikumbusha mbali sana. Ila kwenye bungua umezunguka, sisi kwetu unachukua mafuta ya taa unapaka na brashi, unaacha jua mbili tatu, bungua kwisha. Wengine wanapaka oili chafu kabisa kwenye nguzo.

Mleta uzi:

Mkuu kwenye nguzo ya banda sawa. Kwenye sanamu nakataa kwa sababu tatu. Mafuta ya taa yanaingia kwenye rangi yanaacha doa halitoki. Pili harufu inakaa miezi na kitu kipo sebuleni mtoto anakishika halafu anakula andazi. Tatu, kuna nyumba bado wanawasha mshumaa pembeni ya pango, mbao iliyokunywa mafuta ya taa na majani makavu juu yake, hapo umetengeneza kitu kingine. Oili chafu ndo kabisa usiilete ndani ya nyumba. Kama huna friza lenye nafasi, ulizia kwa anayeuza samaki au nyama, siku hizi hata vijijini yapo.

Mdau wa Mbagala:

Nasubiri kwa hamu hiyo ya taa. Mwaka jana zile taa za kamba za kwangu moja ilizima zote zikazima nikatupa.

Mleta uzi:

Haya taa. Zile za zamani za kamba zinaungwa moja nyuma ya nyingine kwenye mstari mmoja, umeme wa ukutani volti 230 unagawanyika kwenye balbu zote, ndo maana moja ikikatika njia imekatika kwa zote. Hiyo siyo shida kubwa, shida ni kwamba waya ukichunika popote una volti 230 pale kwenye majani makavu na vidole vya mtoto.

Tulichofanya ni kutoa kabisa umeme wa ukutani ndani ya pango. Tumetumia chaja ya zamani ya simu, ile ya volti 5, na taa ndogo za ledi zinazouzwa mojamoja kwa mafundi redio. Ledi nyeupe inataka kama volti 3, ya njano kama 2, kwa hiyo ukiiunga moja kwa moja kwenye 5 inaungua, lazima kila moja iwe na rezista yake, kile kidude kidogo cha kupunguza umeme. Nyeupe tuliwekea rezista ya omu 220, njano 330, hapo kila taa inakula kama miliampia 9 tu, inatosha kabisa, ukiongeza inakuwa kali inaua uzuri wa usiku. Ledi ina mguu mrefu na mfupi, mrefu ndo chanya, ukigeuza haiwaki ila ukiirudisha sawa inawaka. Na usifanye ujanja wa kutumia rezista moja kwa taa zote, zikigawana zitapishana mwanga na moja itakula zaidi ya wenzake. Kila taa na rezista yake. Fundi redio yeyote wa mtaani anakuchomea kwa lehemu, kazi ya muda mfupi, mpelekee mchoro.

Tumeweka nyeupe tano juu ndani ya paa, zimefichwa nyuma ya fito, na za njano mbili chini katikati, tumezungushia mawe matatu na vijiti, ndo moto wa msonge. Ukizima taa ya sebule unaona mwanga unatoka mlangoni na kwenye upenyo wa majani. Hata anko ambaye alikuwa anapinga kila kitu alikaa sakafuni kutazama.

Mdau wa Arusha:

Hapo kwenye umeme, ukikatika je? Mi nilijaribu kitu kama hicho kwenye power bank ikawa inawaka kidogo inazima yenyewe, nikajua power bank mbovu.

Mleta uzi:

Siyo mbovu mkuu. Power bank nyingi zimewekewa akili ya kujizima kama kinachochomekwa kinakula umeme kidogo sana, inadhani simu imejaa. Taa zangu zote saba kwa pamoja zinakula kama miliampia 63, kwa nyingi hiyo ni kidogo mno. Suluhisho rahisi ni betri tatu za kawaida, zile kubwa za tochi, kwenye kasha lake, zinakupa volti 4.5, taa zinafifia kidogo ila zinadumu usiku mwingi. Sisi mkesha wa tarehe 24 tunatumia betri hata kama umeme upo, ili watoto wazunguke nalo sebuleni kabla ya kulitua.

Mama wa Rombo:

Mwanangu hongera sana, nimesoma yote. Mimi nina umri mkubwa kidogo humu. Swali langu, hamkupaka rangi upya? La kwetu nyuso zimefifia hata Maria haonekani macho, kijana wangu anataka apige rangi ya dhahabu zote zing'ae.

Mleta uzi:

Shikamoo mama, asante sana. Kama nyumbani mnanisikia ningesema mwambie kaka asubiri kwanza. Dhahabu ikishapita juu ya uso aliochonga mzee huwezi kurudi nyuma, na rangi nzito inajaza ile mistari ya kisu, mshipa, mkunjo wa kanga, vyote vinazama. Sisi nyuso hatukugusa. Macho ya Maria tu, ambayo yalikuwa yamefutika kabisa na mama alitaka sana, tulirudishia kwa rangi ya maji nyepesi kwa ncha ya kijiti, rangi ambayo kesho mtu akitaka anaitoa kwa pamba yenye maji. Tulipaka kwanza tabaka jembamba sana la vanishi isiyong'aa ili rangi mpya isigusane na ya zamani. Kama kaka anataka kung'arisha mpe nyota. Nyota ya juu ya kwetu ni ya bati la kopo la maziwa, hiyo tumeisugua kwa msasa laini imekuwa mpya.

Mama wa Rombo:

Marahaba mwanangu. Nimemuonesha amekubali nyota.

Mdau wa Iringa:

Samahani kwa kuuliza, mimi siyo Mkatoliki. Hivi hao ng'ombe na punda wapo kwenye Biblia? Nimesoma Luka sijawaona. Na mamajusi ni watatu wapi pameandikwa?

Mleta uzi:

Swali zuri na huna haja ya samahani. Luka 2 inataja hori, mifugo haitaji. Ng'ombe na punda wazee wa Kanisa waliwachukua kwa Isaya 1:3, ng'ombe anamjua bwana wake na punda anaijua hori ya bwana wake. Mamajusi Mathayo hasemi idadi, anasema zawadi tatu, watu wakahesabu kwa zawadi. Hii desturi ya kuweka pango inahusishwa sana na Fransisko wa Asizi, kijiji cha Greccio, Italia, Noeli ya 1223, na hapo hakukuwa na sanamu kabisa, alileta nyasi na ng'ombe na punda wa kweli ili watu waone kwa macho mazingira aliyozaliwa Mtoto. Mwaka 2023 ilitimia miaka 800. Papa Fransisko naye alienda hapohapo Greccio Desemba 1, 2019 akasaini barua ya kuhimiza familia ziendelee nayo. Kwa hiyo hata babu kuweka msonge na mkungu wa ndizi hajaenda kombo, Fransisko mwenyewe alitumia nyasi na mifugo ya kijiji kile.

Mdau wa Mbeya:

Sisi wa Kanisa la Moraviani tuna nyota ya Noeli ya kuning'iniza. Kwetu mzee aliitengeneza kwa karatasi ngumu, pembe nyingi, imekunjamana pembe nne zimepotea. Naweza kutumia hizo ledi?

Mleta uzi:

Unaweza na ni salama kuliko balbu ya kawaida, maana balbu ya zamani inatoa joto ndani ya karatasi. Nyota hiyo ya asili ina pembe 25, 17 zenye kitako cha mraba na 8 zenye kitako cha pembetatu, sehemu ya ishirini na sita ndo inapopita waya wa kuning'iniza. Hesabu zako kwanza ujue zilizopotea ni za aina gani, kisha bandua gundi ya pembe moja nzima ya aina hiyo, ilaze, ichore kwenye karatasi mpya, hiyo ndo ramani yako. Usipime kwa rula kutoka nje, hazitakaa. Katikati weka ledi nne zikitazama pande tofauti, moja peke yake itaangaza upande mmoja.

Mdau wa Tanga:

Mi Muislamu ila uzi huu nimeusevu, watoto wangu Ramadhani wanatengeneza taa za karatasi na makopo na huwa wanaweka mshumaa, roho inakuwa juu juu. Mpango huohuo wa chaja utafaa?

Mleta uzi:

Utafaa bila kubadilisha chochote, ila kwa taa ya kutembea nayo barabarani tumia betri na ledi mbili za njano zinatosha. Weka kasha la betri chini kabisa ya kopo lipate uzito, lisiyumbe.

Mdau wa Moshi mjini:

Narudi tena. Kwetu kuna mtoto wa mwaka na nusu, kila kitu mdomoni. Hapo kwenye kushikwa inakuwaje?

Mleta uzi:

Hili tulilikalia kikao. Mtoto chini ya miaka mitatu asipewe kitu kinachoweza kupita kwenye tundu la upana wa sentimita 3 na kidogo, hicho ndo kipimo wanachotumia hata watengeneza midoli. Kwenye pango letu hatari ilikuwa Mtoto Yesu mwenyewe na zile zawadi za mamajusi. Zawadi tumezifunga mikononi mwao kwa kijiti na gundi. Mtoto Yesu tumemuunganisha na hori, ni kipande kimoja sasa, hapotei na hamezwi, na hori tupu lingine binamu kachonga ndo linakaa pale wakati wote wa Majilio, usiku wa tarehe 24 linatolewa linaingia lenye Mtoto. Mdogo kuliko wote anayeweza kutembea ndo anayelibeba. Betri na waya vipo chini ya plaiwudi, kifuniko kina skrubu.

Na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo msiviweke kwenye boksi la kitu cha watoto. Ni sumu, mtoto akimeza au hata akikaa na nguo zenye harufu ile sana anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu, hasa wale waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, na huku kwetu wapo wengi kwa sababu ya historia ya malaria. Sisi kila sanamu ina mfuko wake wa kanga kuukuu alioshona mama, majani makavu ya mwarobaini yamewekwa nje ya mifuko, yote ndani ya ndoo kubwa la plastiki lenye mfuniko. Hakuna gazeti, panya wanalipenda. Ndani ya mfuniko tumebandika orodha ya kila sanamu na jina la aliyeichonga au kuitengeneza, na sasa vyote vimetoka stoo vimerudi juu, chumba kikavu. Kila mwaka kabla ya masika kushika, mtu mmoja anafungua anaangalia unga.

Sasa na mimi nina ombi. Mlango wa mbele wa msonge wetu ulipotea zamani na hakuna picha. Mwenye kukumbuka ulivyokuwa anisaidie, nataka uwe umekamilika Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Mama wa Rombo:

Mwanangu, wa nyumba ya mama yangu ulikuwa mfupi, mtu mzima unainama kabisa ndo uingie, na majani ya paa yanatokeza mbele kidogo kama kofia kukinga mvua. Usiku tulifunga kwa ubao wa fito zilizosukwa, unausogeza pembeni, haukuwa na bawaba. Fanya ubao wa kusogeza.

Mleta uzi:

Asante sana mama, hiyo ndo nilikuwa naikosa. Nitasuka kwa fito za mwanzi na kuukata ufike kiunoni kwa Yosefu, kisha nitaweka picha hapa.